Mwanangu, Futa Nusu ya Ratiba Yako

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima, na baba yako anakusalimu. Ratiba ya safari yako ya kuzamia uliyonitumia nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Visiwa vitatu ndani ya siku kumi, ndege za ndani mbili, na orodha ndefu ya viumbe ambao ni lazima uwaone. Orodha imenifurahisha. Zamani maswali yako yote yalikuwa ya papa na nyangumi. Leo unaniandikia habari za konokono wa bahari mwenye ukubwa wa punje ya mchele.

Ratiba ndiyo iliyonikosesha raha. Papa unamngoja apite. Kiumbe mdogo hapiti: yeye yuko pale pale alipokuwa jana, anayepita ni wewe. Safari ya namna hii inategemea muda utakaoweza kukaa mahali pamoja bila kutikisika, na kila unachokipanga, kuanzia tiketi hadi mkanda wa uzito, kipange kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo nimeanza kwa kufuta visiwa viwili. Umeandika utazamia asubuhi na kupanda ndege jioni ya siku hiyo hiyo. Hapana. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka mwilini kwa wingi kuliko kawaida, nayo huhitaji muda kutoka. Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni dogo kuliko la nchi kavu, na ukiwahi kupanda, gesi hiyo inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, hushauri kungoja angalau saa 18 baada ya kuzamia mara nyingi. Mimi nakuwekea siku nzima, na hilo sina mjadala nalo. Sasa piga hesabu: kila ndege ya ndani inakula siku ya kungoja, siku ya kusafiri, na asubuhi ya kwanza ya kuzoea maji mapya. Visiwa vyako vitatu vimekwisha kula nusu ya likizo kabla hujamwona hata kamba mmoja.

Chagua mahali pamoja, Lembeh au Anilao. Lembeh ni mlango-bahari mwembamba kati ya mji wa Bitung na kisiwa cha Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi, Indonesia. Unatua Manado, unakwenda kwa gari hadi pwani ya pili, kisha sehemu nyingi za kuzamia ziko dakika chache tu kwa boti. Usitegemee uzuri wa picha za matangazo. Sakafu ya bahari pale ni mchanga mweusi wa volkano, majani yaliyooza, chupa, kipande cha tairi. Mgeni akishuka huona jangwa na kuililia nauli yake. Lakini pasipo na matumbawe ya kujisitiri, mnyama hujisitiri kwa sura yake mwenyewe. Yule pweza mwigaji, anayejikunja na kujinyoosha mpaka adui amdhanie samaki bapa au nyoka wa bahari, aligunduliwa katika maji ya Sulawesi mwaka 1998 na hakupewa jina la kisayansi hadi 2005. Hayo yote kwenye mchanga ambao watu waliuona mtupu.

Anilao, katika mkoa wa Batangas nchini Ufilipino, unafika kwa gari kutoka Manila. Kuna miteremko ya matumbawe pamoja na mchanga, na kama moyo wako uko kwa nudibranki, wale konokono wasio na gamba wanaobeba matamvua yao mgongoni wazi wazi, huko hutakosa. Tazama tu majira, maana tufani hupiga Ufilipino zaidi kati ya Juni na Novemba. Lembeh imekingwa na kisiwa chake, watu huzamia mwaka mzima, ingawa katikati ya mwaka maji hupoa kidogo. Ningekuwa mimi, ningekwenda Lembeh na kuiacha Anilao kwa safari nyingine.

Na ukienda, fedha uliyoitenga kwa chumba kinachotazama bahari iweke kwa mwongozaji. Chumba utalala tu. Mwongozaji aliyezaliwa na kukulia kwenye maji hayo anajua ni jiwe gani lina mwenyeji na ni mwani gani umekaliwa tangu wiki iliyopita. Kabla ya kulipa, waulize wenye kituo wanaweka wazamiaji wangapi kwa mwongozaji mmoja. Wakikwambia wawili, au wasiozidi wanne, endelea nao. Waulize pia kama waongozaji wao huwasogeza wanyama kwa fimbo ili wapigwe picha vizuri. Wakicheka na kusema wateja hupenda hivyo, tafuta kituo kingine. Watafiti waliwahi kulinganisha athari za taa za kamera na za kuguswa kwa farasi wa bahari na samaki wengine wa sakafuni, na kilichowasumbua zaidi ni kuguswa. Siku ya kwanza mwambie mwongozaji wako waziwazi kwamba huna haja ya kuonyeshwa vitu ishirini. Wengi hukimbizana kwa sababu wanadhani mgeni anahesabu.

Orodha yako imemtaja farasi wa bahari mdogo, yule bargibanti. Habari yake naipenda. Mwaka 1969 Georges Bargibant alikuwa akikusanya matumbawe laini, yale yenye umbo la upepeo, kwa ajili ya jumba la samaki la Nouméa huko Kaledonia Mpya. Farasi hawa hawakuonekana baharini. Walionekana baada ya tumbawe lenyewe kutolewa majini na kuchunguzwa mezani. Mwaka uliofuata wakapewa jina lake. Farasi huyu ana sentimita mbili hivi, na vinundu vya mwilini mwake vina rangi na ukubwa ule ule wa vichipukizi vya tumbawe vilivyojifunga. Mkia ameuzungusha kwenye tawi, na ukimmulika hugeuka akupe mgongo. Akikupa mgongo, ameshajibu. Piga picha chache, zima taa, mwachie mwenzako nafasi.

Huyo hukaa kina cha mita 16 kwenda chini, mara nyingi zaidi ya 20, na leseni yako inakomea mita 18. Basi ukimtaka, fanya kwanza kozi ya juu itakayokufikisha mita 30, na pamoja nayo ile ya naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni. Naitroksi haikupeleki chini zaidi, inakupa dakika zaidi za kukaa, nazo ndizo tunazozitafuta. Mtungi wenye oksijeni asilimia 32 una mwisho wake, kama mita 33, kwa sababu oksijeni nayo ni sumu ikizidi shinikizo. Pima mtungi wako mwenyewe kwa mkono wako, hata kama kuna kibandiko kinachosema umeshapimwa.

Kabla ya kozi zote hizo, kuna kuelea. Hapa ndipo ninapotaka utumie miezi iliyobaki. Wazamiaji wapya hubeba vipande vingi vya risasi, yale madini mazito, kiunoni, kisha hujaza hewa kwenye jaketi ili wasizame, na matokeo yake miguu inaning'inia na kila teke linapiga mchanga. Tope la Lembeh ni laini mno. Ukilitibua, si wewe peke yako utakayekosa kuona, bali na wote walio nyuma yako pia. Jipime hivi: mwisho wa mzamo, mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo kama bar 50, toa hewa yote kwenye jaketi ukiwa mita 5. Ukiweza kukaa hapo kwa utulivu bila kupiga mapezi, uzito wako ni sawa. Ukizama, punguza risasi. Kisha jifunze teke la chura, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa juu, ili maji yasukumwe nyuma na wala si chini. Jifunze pia kurudi kinyumenyume. Hakuna atakayekusifu kwa hilo, lakini bila hilo utamfikia kila mnyama na hutaweza kumwacha bila kumwangushia mchanga.

Yale mapanda-shuka ya sentimita chache yafanye kwa mapafu. Vuta kidogo zaidi, utapanda. Toa kidogo zaidi, utashuka. Ila usibane pumzi kamwe. Wapiga picha wana tabia hiyo mbaya, hubana pumzi ili mkono utulie. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya la juu, na hewa uliyoifungia kifuani hutanuka ukipanda hata kidogo.

Nikuambie nini utakachokipata ukishaweza kutulia. Tafuta tundu kwenye mchanga lenye samaki mdogo, gobi, aliyesimama mlangoni. Atakuona na kuingia ndani. Kaa mita mbili mbali, tumbo likiwa juu kidogo ya mchanga, upumue taratibu. Gobi atatoa kichwa, halafu mwili mzima. Baada yake atatoka kamba mwenye mzigo wa changarawe mbele ya makoleo yake, ausukume nje, aumwage, arudi kuchukua mwingine. Macho yake ni hafifu. Tazama kipapasio chake kimoja: hakiachi kumgusa gobi. Yeye anachimba nyumba, gobi analinda, na hatari ikija gobi anatikisa mkia na kamba anarudi ndani papo hapo. Ukisogea kwa haraka mchezo wote unaisha na utasimulia kwamba uliona tundu. Huyu hayumo kwenye orodha yako, tena anapatikana karibu kila mzamo, na watu wanampita wakimkimbilia pweza.

Kuna sehemu ya kuzamia inaitwa Sodwana Bay, Afrika Kusini, ambako watu wameshuka kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ndipo wanasayansi walipotangaza farasi wa bahari mdogo mpya kutoka hapo, Hippocampus nalu. Fikiria ni mapezi mangapi yalipita juu yake.

Kamera kubwa usinunue sasa. Najua umeshaichagua, na baba yako, ambaye bado haelewi kwa nini mtu asafiri mbali hivyo kutazama konokono, amekubali kukuchangia. Ngojeni. Mtu ambaye bado anahangaika na kuelea akipewa mkono mwingine wa kushika mzigo, hupoteza vyote viwili. Chukua tochi nzuri, kwa maana rangi nyekundu humezwa na maji mapema na bila taa kila kitu kitakuwa na rangi ya kijivu cha bluu. Chukua na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba. Na barakoa yako iwekewe lenzi za daktari. Macho umerithi kwangu, na huwezi kumtafuta mnyama wa sentimita moja huku ukikunja uso.

Suti iwe nene, milimita 5, na kofia yake. Maji ya nyuzi 27 ni matamu kwa anayeogelea. Kwa anayekaa bila kujongea saa nzima, huunyonya mwili joto mpaka meno yagongane, na ukishaanza kutetemeka hutulii tena.

Mikono iweke kifuani. Pweza mwenye pete za bluu ni mdogo kuliko kiganja chako na sumu yake haina dawa ya kuitengua. Msaada pekee ni kupumuliziwa mpaka mwili uishinde. Samaki-jiwe naye hulala mchangani akiwa amejifukia. Wote wawili hawana habari na wewe mpaka uwaguse, kwa hiyo usiweke goti wala kiganja chini hata mara moja.

Jioni moja ihifadhi kwa samaki mandarini. Wanaishi kati ya matumbawe yaliyovunjika, maji mafupi, na jua likizama dume na jike hupanda pamoja ubavu kwa ubavu, hutoa mayai na mbegu, kisha hutengana. Ni sekunde chache. Kaa hapo mapema kabla ya giza, na tochi iwe hafifu au nyekundu.

Yaliyobaki ni madogo. Bima iwe ile inayotaja kuzamia kwa jina, ilipe usafiri wa dharura na matibabu ya chumba cha shinikizo, kile cha kutibu yale mapovu ya gesi mwilini. Uliza kituo chumba hicho kiko wapi na hufikiwa kwa muda gani. Ukishikwa na mafua, usishuke. Siku ya katikati pumzika, hata kama bahari ni shwari na wenzako wanakuita.

Nitumie ratiba mpya kabla hujalipa tiketi, pamoja na tarehe ya kozi na jibu la kituo kuhusu idadi ya wazamiaji kwa mwongozaji. Kuhusu kamera, zungumza na baba yako mwenyewe, mimi nimeshamwambia maoni yangu.

Mama yako