Kujua ukoo wa bakteria sio kupata dawa

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mi ni mwalimu wa bayolojia huku Tabora na kuna makala yenu moja ya afya wanafunzi wangu wameniletea darasani wakishangilia, eti siku hizi ukipima DNA ya udongo tu unapata bakteria wa kutengeneza antibayotiki. Jamani, mmekata kona sana hapo.

Ile harufu ya Novemba mvua ya kwanza ikigonga udongo mkavu, tunayoivuta wote puani tukisema sasa msimu umefika, sehemu kubwa ni kazi ya bakteria wanaitwa Streptomyces. Hawa ndio wametupa antibayotiki nyingi za hospitalini, ikiwemo streptomaisini aliyoipata mtafiti Albert Schatz mwaka 1943 kwenye maabara ya profesa Selman Waksman kule Marekani, dawa ya kwanza ya antibayotiki kuipiga TB. Ukiwaotesha kwenye sahani ya maabara wanashika chini kama ukoko wa ugali, juu wana unga kama chokaa, na mtaalamu anaweka vijidudu vingine jirani aone kama vitakufa.

Sasa DNA inaingia wapi? Kipimo kinachotumika sana kinasoma jeni moja inaitwa 16S, herufi za DNA kama 1,500 hivi, kila bakteria anayo, kuna sehemu hazibadiliki na kuna sehemu zinatofautiana ukoo kwa ukoo, unalinganisha na zilizohifadhiwa kwenye kompyuta unaambiwa huyu ni ndugu wa fulani. Basi, ni ukoo tu. Huku kwetu Unyamwezini zamani kulikuwa na koo za wahunzi lakini sio kila mtoto wa mhunzi alijua kufua jembe.

Ukitaka kujua kama anafua kweli lazima usome jinomu nzima, yaani DNA yake yote, utafute zile jeni zilizokaa kundi moja kama mafundi wa karakana moja, huyu anaunga, huyu anakata, huyu anatoa dawa nje. Mwaka 2002 walipochapisha jinomu ya Streptomyces coelicolor, herufi zaidi ya milioni 8, walikuta makundi ya namna hiyo zaidi ya 20 wakati watu walikuwa wameshazoea vitu vichache tu anavyotoa. Mengine yamelala, kwenye sahani hayaamki. Na hata yakionekana kwenye kompyuta bado sio dawa, mpaka uitoe, uipime, uone haimuui mgonjwa kabla ya kijidudu.

Faida kubwa ya kusoma hizo herufi naona ni kutopoteza muda, maana watafiti walichimba udongo miaka na miaka wakawa wanakutana na streptomaisini ileile, sasa unaijua mapema unaiacha. Hilo hamkuliandika kabisa na ndo lilikuwa tamu.

Halafu kuna kijana wangu wa kidato cha tatu ameleta udongo wa kichuguu kwenye kopo la siagi, anataka tuuoteshe. Nimemkataza, shuleni hatuna kabati la usalama la kuzuia vijidudu visitoke na unaweza kuotesha kitu cha kuumiza watu. Kopo liko mezani kwangu. Mhariri, makala ijayo mtuandikie ni maabara gani hapa nchini inapokea kopo kama hilo, maana kila asubuhi ananiuliza.

Mwalimu wa bayolojia,
Tabora