Mwanangu, nimefika kwao Volta

Mwanangu Zaina,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza hivyo. Mimi mzima, shangazi yako naye mzima, ila kila nikitoka ananivisha masweta mawili kama mtoto wa chekechea.

Jana alinipeleka Como. Ni mji wa zamani wa Italia, kaskazini mwa Milano, mwendo wa kama saa moja kwa treni, na kituo cha mwisho kiko ziwani kabisa. Milima imeubana mji hadi unajiuliza nyumba zilipata wapi pa kukaa. Nilipoliona ziwa nikamwambia shangazi yako kuwa ni zuri, lakini jembamba kama mto. Akanijibu kwamba kina chake kinapita mita 400. Nikanyamaza kidogo, halafu nikamkumbusha kuwa Tanganyika yetu ina mita 1,470. Hapo akanyamaza yeye.

Ziwa halikunipeleka huko, lakini. Miaka 31 nimefunga waya kwenye nyumba za watu, na neno "volti" nimelitamka kuliko jina la mama yako. Sikuwahi kuuliza limetoka wapi, mpaka uliporudi likizo kutoka chuoni ukasema ni jina la mtu, nikakubishia mbele ya wote sebuleni. Basi nimefika kwao. Alessandro Volta, mwanasayansi aliyebuni betri, alizaliwa Como mwaka 1745, akafa mwaka 1827, na mji mzima bado unamtaja kama jirani aliyehama juzi. Ulisema kweli. Mwambie na mama yako.

Makumbusho yake, Tempio Voltiano, ni jengo la mviringo lenye nguzo na kuba, ukingoni mwa maji, lililofunguliwa mwaka 1928. Ndani nilisimama mbele ya betri mpaka shangazi yako akatafuta pa kukaa. Ni mnara tu wa vipande vya duara kama sarafu: zinki, kitambaa au karatasi ngumu iliyolowa maji ya chumvi, shaba au fedha, halafu zinki tena, hivyo hivyo kwenda juu, vikishikiliwa na fimbo za kioo. Basi. Nikamkumbuka babu yako alivyokuwa akianika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu za kusikiliza taarifa ya habari. Kumbe mle ndani mlikuwa na mambo haya haya.

Na ugomvi uliomfikisha hapo ni wa chura. Mwanasayansi mwenzake, Luigi Galvani wa Bologna, aligusa mguu wa chura aliyekufa kwa metali, mguu ukaruka, akasema umeme umo ndani ya mnyama. Volta akakataa: umeme unatoka kwenye metali mbili tofauti zilizokutana na majimaji, chura anaonyesha tu kwamba upo. Yaani chura ni testa, ile bisibisi yetu ya kupimia umeme! Ili kulithibitisha akamwondoa chura kabisa, akaweka kitambaa chenye chumvi. Tarehe 20 Machi 1800, akiwa papo hapo Como, akaandika barua kwenda London kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi, kueleza kifaa chake alichokibuni mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo watu walijua umeme wa cheche, ukipiga umekwisha. Huu wake ulitiririka.

Sasa sikia hili, wewe unayesema baba anasumbua na saketi bureka, ile swichi inayojikata umeme ukileta hitilafu. Mwaka 1899 Como ilifanya maonyesho makubwa kusherehekea miaka 100 ya betri. Yakateketea kwa moto mwezi Julai, na vifaa vingi alivyovishika Volta kwa mikono yake vikaungua. Chanzo kinachotajwa ni shoti. Katika sherehe ya umeme! Vingine ninavyokusimulia hapa vilitengenezwa upya baadaye.

Tulipita kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1396. Mbele zimeketi sanamu za Plinio wawili, mtu na mjomba wake, waandishi Warumi wa kale wa mji huo ambao hata Wakristo hawakuwa. Mlango wa pembeni umechongwa chura, amechakaa sana, na alikuwapo kabla Volta hajazaliwa. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Mchana tukala, na hapa ungefurahi. Samaki wadogo wa ziwani wametiwa chumvi, wakaanikwa juani, wakashindiliwa kwenye mikebe, wanawaita missoltini. Wanachomwa, wanamiminiwa siki, na chini yake polenta, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano, basi. Nilikumbuka ule wa yanga bibi yako aliotupikia wakati wa njaa, tukiununia. Huku wanaulipia hela nyingi. Samaki walikuwa wazuri, ingawa dagaa wetu hawahitaji siki kuficha chochote.

Halafu tukapanda Brunate, kijiji kilicho juu ya mji, kwa kile kitreni kinachovutwa na kamba mlimani. Kilianza mwaka 1894 kwa mvuke, umeme ukaja 1911. Kinapanda wima hivi kwamba shangazi yako alifumba macho njia nzima, nami nilikuwa nikiangalia waya. Juu zaidi kuna mnara wa taa kama wa baharini, wamemjengea Volta mwaka 1927, na usiku unawaka kijani, nyeupe na nyekundu. Hatukungoja usiku.

Jioni, kwa muuza vitu vya kale, nikaona noti ya lira 10,000, hela ya Italia ya kabla ya yuro. Upande mmoja sura ya Volta, upande wa pili lile jengo la ziwani. Mzee akaniomba yuro nane, nikampa tano na maneno mengi ya Kiswahili. Dukani haitumiki tena. Nimeitia nailoni isilowe, nawe utaikuta kwenye sanduku lako la vifaa, chini ya testa.

Baba yako