Wasafiri wa Karibiani waelezwe pia migahawa midogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makala za utalii kuhusu visiwa vya Karibiani hulipita upesi mno, nalo ni chakula kinachopikwa katika migahawa midogo ya wenyeji. Msomaji husimuliwa habari za fukwe na hoteli ambazo mgeni hulipia kila kitu kabla ya safari, milo yote ikiwamo, hata asione sababu ya kutoka nje ya lango.

Nilipokuwa Grenada nilikula katika mgahawa wa meza chache, ambako mpishi mwenyewe ndiye aliyetukaribisha, akatufunulia sufuria iliyokuwa jikoni na kutuomba tuwe na subira. Alikuwa akipika oil down, chakula cha taifa cha nchi hiyo. Mashelisheli, nyama ya chumvi, madonge ya unga na majani ya magimbi hupangwa tabaka kwa tabaka, hutiwa tui la nazi na manjano, kisha huachwa kwenye moto mdogo hadi tui likauke na mafuta yake yaingie ndani ya mashelisheli. Chakula hiki hakikubali haraka. Kilikuwa kizito, chenye harufu nzuri, na kwa maoni yangu hakuna meza ya hoteli inayoweza kukifikia.

Kuna historia nzito pia katika sahani hiyo. Shelisheli lililetwa Karibiani mwaka 1793 na nahodha William Bligh, kutoka Tahiti, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula cha bei ndogo cha kuwalisha watumwa. Samaki wa chumvi anayepikwa pamoja na ackee huko Jamaica naye alikuwa chakula cha watumwa, hali ackee yenyewe ni tunda lenye asili ya Afrika Magharibi (lina sumu likiwa changa, hivyo husubiriwa lipasuke lenyewe mtini). Roti ya Trinidad, mkate mwembamba unaofanana na chapati, ilifika na vibarua wa Kihindi walioanza kuletwa mwaka 1845, baada ya utumwa kukomeshwa. Mwandishi anayeyaacha haya yote akasifia mchanga mweupe tu humnyima msomaji sehemu kubwa ya safari.

Isitoshe, nchi nyingi za Karibiani huagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka ng'ambo, na mgeni anayekula mashelisheli na samaki wa hapo huwapa kipato mkulima na mvuvi wa kisiwa.

Kwa hiyo naomba makala zijazo zitaje vyakula vya kila kisiwa pamoja na siku zake, kwa kuwa vingine havipikwi kila siku. Huko Barbados, kwa mfano, pudding and souse, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa ndimu na kuandaliwa pamoja na viazi vitamu, ni chakula cha Jumamosi, na mgeni anayeondoka Ijumaa bila kuambiwa hatakionja.

Wako,
Msomaji wa kurasa za safari