Salamu za Krismasi, kutoka Drimurla hadi Mto Kagera

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawaamkia kwa heshima katika juma hili ambalo stendi za mabasi zimefurika, nauli zimepanda kama kawaida yake, na kila mwenye kwao anatafuta namna ya kufika kwao kabla ya mkesha. Wachaga wanapanda kwenda Moshi, Wahaya wanaelekea Bukoba, na Nairobi nayo inabaki na nafasi za kutosha za kuegesha magari. Wapo pia ambao mwaka huu hawatafika popote, ama kwa sababu ya zamu za kazi, ama kwa ukata, ama kwa sababu kati yao na nyumbani ipo bahari. Salamu hizi ni za wote, ila nimeziandika nikiwafikiria zaidi hao wa mwisho.

Huko Ireland ilikuwepo desturi, na kwa baadhi ya familia bado ipo, ya kuwasha mshumaa usiku wa mkesha wa Krismasi na kuuweka dirishani, ili Maria na Yosefu, au msafiri yeyote aliyekosa pa kulala, ajue kwamba nyumba hiyo itampokea. Katika nchi ambayo njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipoozea shambani, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi kuvuka Atlantiki, si vigumu kuelewa ni kina nani wengine walikumbukwa mbele ya mwanga ule. Uhamaji haukukoma njaa ilipokwisha. Katika miaka ya 1860 aliondoka kijana mmoja, John Kelly wa Drimurla, katika kaunti ya Mayo, akaenda Marekani, na familia yake ikaja kukita mizizi Philadelphia. Mjukuu wake, aliyezaliwa huko mwaka 1929, ndiye Grace Kelly, mwigizaji wa filamu.

Wengi humkumbuka Grace kwa nywele zake za dhahabu, kwa tuzo ya Oscar aliyoipata mwaka 1955, na kwa harusi yake na Mwanamfalme Rainier wa Monaco mwaka uliofuata. Mimi huanza na baba yake. Jack Kelly alikuwa fundi mwashi, na mwaka 1920 maombi yake ya kushindana katika mbio za makasia za Henley, Uingereza, yalikataliwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mtu aliyefanya kazi ya mikono hakustahili kupiga kasia pamoja na waungwana. Mwaka huohuo, katika Olimpiki ya Antwerp, alimshinda Mwingereza Jack Beresford na kutwaa dhahabu. Na binti wa mwashi huyo, alipokuja kwetu kuigiza, alipewa nafasi ya bibi wa Kiingereza mwenye adabu zake zote! Sidhani kama baba yake alikosa kucheka.

Nasema alikuja kwetu kwa sababu Krismasi ya 1952 ilimkuta Afrika Mashariki, akiwa na umri wa miaka 23, katika msafara wa filamu ya Mogambo, iliyopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo kambi yake mojawapo ilikuwa kando ya Mto Kagera. Mwongozaji wake, John Ford, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Galway, Ireland, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa Mayo, kaunti ileile ya kina Kelly, akipiga filamu nyingine. Filamu ya Mogambo yenyewe siisifii sana, kwani wenyeji tumewekwa humo kama sehemu ya mandhari, na hilo jina lake silijui kuwa neno la Kiswahili. Hata hivyo, waandishi wa maisha ya Grace wanaeleza kwamba alijitahidi kujifunza Kiswahili, na mgeni anayejifunza kusalimu watu kwa lugha yao, hata akiikosea, huwa ameshabisha hodi.

Hodi nyingine aliipiga mwaka 1961. Akiwa tayari mke wa mtawala wa Monaco, alizuru Ireland na kufika Drimurla, kwenye nyumba ndogo ya mawe alikotoka babu yake, miaka takriban tisini baada ya kijana yule kuondoka. Katika miaka ya 1970 aliinunua nyumba hiyo pamoja na ardhi yake. Ajali ya gari ilimchukua mwezi Septemba 1982, na hakuwahi kuishi pale. Nikitazama picha za kuta zile zilizobaki bila paa, nafikiria idadi ya mikesha iliyopita kabla mtu wa ukoo ule hajarudi kuzitazama.

Basi kwenu mliofika nyumbani, msalimieni bibi na babu, na mkumbuke kumpigia simu yule ambaye nafasi yake mkekani iko wazi. Nanyi mtakaokula pilau ya Krismasi mkiwa ugenini, au kazini usiku, nawatakia sikukuu njema kwa maneno ya watu wa Mayo, Nollaig shona, na kwa maneno yetu wenyewe: heri ya Krismasi, na Mungu awafikishe mwakani mkiwa na afya, na nauli ya kutosha.