Niombee radhi kwa fundi wako

Segerea, Jumapili jioni

Mama Nasra, shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, watoto wanakwenda shule, mvua zinanyesha na barabara ya kwetu unaijua mwenyewe. Mama mfikishie shikamoo yangu. Najua tangu Idd sijakutafuta na haki ya kuninunia unayo, ila usininunie leo, nina shida. Shida ya gari. Au tuseme ya fundi. Basi nikwambie tu, nina shida na fundi wako.

Pasaka niliipeleka IST Morogoro, kilomita karibu 200, ikaenda na kurudi kimya kama mgeni mwenye adabu. Kesho yake foleni ya Buguruni, dakika kumi tu, mvuke huo! Na kiyoyozi kinapuliza joto la jiko la mkaa. Mama Salome akasema niachane na mafundi wa chini ya miti, niende kule anakopeleka yake. Shoga, sakafu ya vigae, kijana wa mapokezi, maji ya chupa. Swali la kwanza: "Mzee yuko wapi tuongee naye?" Hapo ndipo ningegeuza gari. Sikugeuza, maji yalikuwa ya baridi.

Wakasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Themostati wakaing'oa, eti nchi ya joto haihitaji. Na timing belt, yaani mkanda wa meno wa injini, imechoka, ikikatika njiani injini kwaheri. Sh 680,000. Nililipa kwa awamu mbili, ile ya pili ni hela ya mchezo, tafadhali Zuhura asijue. Nikajifanya mjanja, nikadai spea za zamani nizione. Wakanikabidhi mkanda wa meno, umechanikachanika, nikautia kwenye buti kama ushahidi.

Wiki haikuisha. Buguruni palepale, mvuke uleule. Akasimama kijana wa taksi za mtandaoni, naye ana IST, akaja na dumu la maji. Akaniambia niwashe kiyoyozi, akainama kusikiliza. "Dada, feni haizunguki. Ukiwa mwendoni upepo unaipoza rejeta. Ukisimama, nani aipoze?" Nikamtolea ule mkanda, kwa kujivuna kidogo, aone kwamba mimi vitu vyote nimeshabadilisha. Akacheka mpaka akashika boneti. Injini yangu ni 1NZ, haina timing belt. Ina cheni. Mkanda ule ni wa gari la mtu mwingine kabisa. Namuwaza huyo mtu mpaka leo, sijui alilipishwa nini.

Pesa inauma, sikatai. Lakini kinachoninyima usingizi ni feni. Maana fundi wako alishaniambia feni! Kabla ya huko kwenye vigae nilimpitia chini ya mwarobaini wake. Akaliacha gari lingurume nusu saa nzima, mimi naangalia saa, halafu akasema: "Nadhani ni mota ya feni, ila umeme siujui sana, nimwite kijana wangu ahakikishe." Mimi na usomi wangu nikasikia "siujui" tu. Nikajisemea, fundi gani huyu? Wale wa vigae walijua kila kitu kabla hata ya kufungua boneti.

Halafu kuna jambo sijakuambia, labda yeye alishakuambia. Alikwenda Ilala akanunua mota ya mtumba kwa hela yake, akanisubiri Jumamosi. Nikamtumia ujumbe asihangaike, nimepata gereji. Akajibu, "Sawa mama, safari njema." Hakudai hata mia. Sasa nikipita Tabata napandisha vioo na kugeuzia uso upande wa pili, na humo ndani kiyoyozi ndiyo hicho. Natoka kituo cha pili nimelowa jasho.

Nakuomba umpigie wewe. Wewe ndiye uliyenikabidhi kwake ukasema mimi ni kama dada yako, kwa hiyo aibu hii ni yetu sote, tugawane. Mwambie mota nitailipa hata kama ameshaiuza. Na umuulize kuhusu themostati, yule kijana wa taksi anasema bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake na mafuta inakunywa zaidi. Nimeona kweli, nusu tenki haifiki Alhamisi.

Bado ana namba ile ile? Ni mtu wa kinyongo, au ukimya ndio alivyo? Nikienda nimpelekee chochote, au ataona namhonga? Huu mkanda niutupe, au niurudishe kule kwenye vigae nikafanye fujo kidogo? Shemeji anaweza kunisindikiza, maana si ndio wanamtaka "mzee"? Na mguu wa mama umepungua uvimbe? Nasra je, hesabu zimekubali?

Nijibu kabla ya Jumatano. Nina mzigo wa kuchukua Kariakoo, na Buguruni naiogopa.

Wako,
Mama Tumaini