Barua ya wazi kwa vijana wa katuni hapa Kigoma: mwenye sauti mlipeni

Vijana wangu mnaotengeneza katuni, nyie wa Gungu, wa Mwanga, wa Ujiji, na nyie mnaoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe na laptopu mgongoni, habari za kazi. Mimi ni mama yenu, kwa wengine ni bibi kabisa, nimefundisha shule miaka mingi, nimesimamia maigizo ya wanafunzi, nimewahi kuingiza sauti kwenye michezo ya redio na matangazo, kwa hiyo ninachosema leo sijakiokota barabarani. Naandika nikiwa nimekasirika na sitaki kulificha hilo.

Kuna kikundi kimoja, vijana wanne wa hapahapa mjini, sitawataja maana wanajijua na wazazi wao wananijua, wamemwondoa mwenzao aliyekuwa anaingiza sauti kwenye katuni yao. Walipoulizwa wakajibu eti mbona Seth MacFarlane, yule Mmarekani mwenye katuni ya Family Guy, anafanya sauti zote mwenyewe, kuna ulazima gani wa kumlipa mtu? Wakaona wamemaliza maneno.

Haya, tuanze na huyohuyo MacFarlane. Kazaliwa 1973, kakulia Kent, mji mdogo jimbo la Connecticut kule Marekani, na akiwa na miaka 9 alikuwa tayari anachora katuni kwenye gazeti la mji wao. Akaenda chuo cha Rhode Island School of Design, filamu yake ya kumalizia chuo mwaka 1995 ndo ikampatia ajira kampuni ya katuni ya Hanna-Barbera, akawa anaandika katuni za watu wengine kabla hajapata ya kwake. Family Guy ilirushwa mara ya kwanza tarehe 31 Januari 1999, ikafutwa 2002, ikarudi 2005 baada ya watu kununua DVD zake kwa wingi na marudio kupata watazamaji kwenye kituo kingine. Ni kweli kabisa baba mtu Peter, mtoto Stewie, mbwa Brian na yule jirani Quagmire wote ni sauti yake. Lakini mama wa nyumba ile, Lois, ni Alex Borstein. Chris ni Seth Green. Meg ni Mila Kunis. Hao ni watu wenye mikataba, wanalipwa na majina yao yanaandikwa. Na sauti yake mwenyewe hakuiacha hivihivi, alikaa kwa walimu wa kuimba, mpaka 2011 akatoa albamu. Katuni yake ina matusi na mimi siipendi kwa hilo, msiwaonyeshe wadogo zenu, ila msimsingizie mtu jambo asilolifanya ili mpate kumdhulumu mwenzenu.

Sasa niseme kilichotokea maana wengi mmesikia vipande vipande tu.

Katuni ya hao vijana ilikuwa ya bibi mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, mkali, anajua siri za kila mteja, anapima dagaa huku anakusuta. Sauti ya bibi ilikuwa ya binti wa miaka ishirini na kitu. Nilimkuta siku moja anarekodi kwenye chumba cha kupanga, bati tupu bila dari, mvua ikianza kazi inasimama, binti kajifunika blanketi gubigubi na simu mkononi, jasho linamtiririka. Nikaangalia anavyofanya. Anageuza mdomo pembeni kidogo ili ile "p" ya "pesa" isipige puu kwenye maiki, na kabla bibi hajasema neno lolote anavuta kwanza pumzi fupi kwa pua, pumzi ya mtu aliyetoka ufukweni na beseni kichwani na sasa hivi ndo kalitua. Ile pumzi haikuwa kwenye skripti, hakuna aliyemwelekeza, kaitoa kwa kuwasikiliza wamama wa Kibirizi wenyewe. Watu walikuwa wanaanza kucheka bibi hajafungua mdomo bado, na walichokuwa wanachekea ni hiyo pumzi.

Chaneli ikapanda. Likaja tangazo, mwenye duka akataka bibi wa dagaa amtangazie biashara yake, hela ikatoka. Vijana wakagawana wanne, binti wakamnunulia bando ya wiki. Bando! Alipouliza wakamwambia yeye "anasaidia tu", wenye kazi ni wachoraji. Alipouliza tena wakamtoa kwenye grupu la WhatsApp. Halafu, na hapa ndo damu yangu inapochemka, wakachukua rekodi zake za zamani wakaziingiza kwenye programu ya akili mnemba inayoiga sauti ya mtu, wakaendelea kutoa vipande vipya kwa koo la binti ambaye hayupo na hajakubali. Sauti ilifanana, sikatai. Ila pumzi haikuwepo, vituo vya kunyamaza vilikuwa vya mashine, na watazamaji wakaanza kuandika "bibi anaumwa?" Wiki chache tu watu wakapungua, na yule mwenye duka hakurudi.

Wanangu, hivi mnajua kazi yenu inavyokwenda au mnabonyeza tu? Kwenye katuni ya maongezi sauti ndo inatangulia. Unarekodi kwanza, unasikiliza, halafu ndo unachora midomo kufuata ile sauti, hapa "o" mdomo wa duara, hapa "m" midomo imefungwa, hapa kanyamaza nusu sekunde basi jicho lizunguke. Picha za filamu zinakimbia 24 kwa sekunde, wengi mnachora 12 na kuirudia kila moja, maana yake dakika moja tu ni michoro 720, na yote 720 inamfuata mtu aliyekaa ndani ya blanketi. Kichekesho kinakaa kwenye kituo, kwenye mtu kuchelewa kujibu, na hicho kituo anakiweka mwenye sauti kabla mchoraji hajashika kalamu. Halafu unamwambia anasaidia tu?

Dhuluma hii haikuanzia Kigoma, na ndo maana ningetaka muijue. Binti aliyeimba na kuongea kama Snow White kwenye ile filamu ya Disney ya 1937, Adriana Caselotti, inajulikana alilipwa dola 970 kwa kazi yote, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Dunia nzima ikasikia koo lake na haikujua anaitwa nani. Mel Blanc, aliyekuwa sauti ya yule sungura wa katuni Bugs Bunny, bata Daffy Duck na wengine wengi, inasimuliwa aliomba aongezewe hela akanyimwa, akapewa jina lake liandikwe kwenye skrini, na lile jina likamfaa kuliko ile nyongeza, maana watu wakaanza kumtafuta yeye. Huyohuyo mwaka 1961 alipata ajali mbaya ya gari Los Angeles, akalala wiki kadhaa hana fahamu, mpaka daktari mmoja alipoacha kumwita yeye akamwita Bugs Bunny, na akajibu kwa sauti ya sungura. Baadaye akawa anarekodi akiwa kalala, mwili umefungwa plasta, maiki zikapelekwa alipo. Hiyo ni kazi ya mtu mzima jamani. Na mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na mojawapo ya mambo makubwa waliyogomea ni hilihili la kompyuta kuiga sura na sauti ya mtu bila ridhaa na bila malipo.

Na sisi hapa nyumbani tunajua uzito wa sauti. Nani kati ya wazazi wenu hakuwahi kukaa karibu na redio kusikiliza Pwagu na Pwaguzi? Tangu 1993 Twende na Wakati ilipoanza kwenye Radio Tanzania, watu walimjua Mkwaju dereva wa lori, walimlaumu, walimwombolezea, na sura yake hawajawahi kuiona. Mzee wetu King Majuto aliwachekesha watu wa nchi hii miaka na miaka, akafariki Agosti 2018 pale Muhimbili, na ugonjwa wake ndo ulioamsha mjadala wa mikataba ya wasanii, watu wakaanza kuuliza mtu aliyefanya matangazo na filamu zote zile alikuwa analipwaje. Mlikuwa wadogo labda, lakini simu mnazo, someni.

Kuna jingine la sauti, nalo linaniuma kama Muha. Mwaka 2020 Mike Henry, Mzungu aliyekuwa sauti ya Cleveland kwenye hiyohiyo Family Guy, aliacha mwenyewe akasema mhusika mweusi aigizwe na mtu mweusi, nafasi akaichukua Arif Zahir. Nyie wenyewe ni watoto wa Kigoma, halafu kila mkitaka mjinga kwenye katuni mnampa lafudhi ya Kiha, kila mkitaka mchawi mnampa lafudhi ya Kiha, na kijana mjanja mnampa Kiswahili cha Dar es Salaam ambako wengine hamjafika. Wamanyema wa Ujiji wana mzaha wao wa taratibu, Wabembe wana wao, wavuvi wa Katonga wana matusi yao ya heshima ambayo ukiyasikia unacheka mpaka unakaa chini, muhogo na mawese na migebuka inayogeuzwa jikoni, hivyo vyote ni vichekesho vinavyowasubiri nyie tu. Mpeni Muha akili kwenye katuni zenu. Mfanyeni awe ndo anayejua jibu.

Mengine nayataja kwa haraka. Andikeni skripti kabla ya kuchora, ukurasa mmoja unatosha. Muziki wa watu msiuchukue bila ruhusa, chaneli itafungwa. Programu za kuchora kama Blender na Krita, na Audacity ya kurekodi sauti, ni bure, acheni programu za wizi zinazowajazia virusi. Kazi ihifadhiwe sehemu mbili, umeme wetu mnaujua. Lala usingizi. Shule maliza.

Na nyie wazazi na wakubwa wa maofisini msidhani barua hii haiwahusu. Hawa watoto walijifunza wapi kulipa kwa bando? Kwetu sisi. Nimekaa kwenye maadhimisho mangapi, mgeni rasmi yuko jukwaani, vijana wameonyesha kazi yao, ukumbi umecheka, mwisho wanapewa soda na cheti, wanaambiwa "tutawakumbuka". Mpambaji analipwa, mpishi analipwa, mwenye viti analipwa mpaka usafiri wa viti, mchekeshaji anaambiwa apate kujulikana kwanza. Baba anamwambia mwanae "hiyo nayo kazi?" kumbe hiyohiyo simu yake ya baba imejaa klipu za katuni za watu anazotumiwa asubuhi na jioni. Tukiendelea hivi watakaobaki kwenye kazi hii ni wenye roho ngumu tu, na yule binti mwenye kipaji atarudi kuuza vocha, naye mtasema Kigoma haina vipaji.

Nawapenda, mjue hilo. Ninavyowaona mmekaa usiku na laptopu moja mnapokezana, mmoja anachora mwingine kasinzia ukutani, moyo wangu unajaa, ndo maana nagomba.

Sasa cha kufanya. Kabla hamjarekodi kazi inayofuata chukueni karatasi ya kawaida. Andikeni jina la anayetoa sauti, mhusika anayemwigiza, atalipwa kiasi gani kwa kipande kimoja, na tangazo likija atapata fungu gani, asilimia iandikwe kwa tarakimu. Andikeni kwamba sauti yake haitaigwa na mashine yoyote bila yeye kusaini karatasi nyingine, na mkiachana je, zile kazi za zamani zinaendelea kumlipa au vipi. Jina lake lipite mwishoni kwa herufi sawasawa na za wachoraji. Saini zenu, saini yake, shahidi mmoja mtu mzima, kila mtu abaki na nakala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na inamtambua hata mwigizaji, siyo mwenye kalamu peke yake, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, wapo, kaandikisheni kazi zenu.

Na nyie wanne: fungu la tano la lile tangazo mnalo, na zile video za sauti ya kuigwa bado ziko hewani. Video zitoeni leo jioni. Hela kamkabidhini mkononi nyumbani kwao mama yake akiwepo, na mwenye kuongea awe yule mkubwa wenu aliyemtoa kwenye grupu.