Barua kwa mwanangu: ile ndoto yako ya vidole kukua

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza jana baada ya isha na leo asubuhi nimeirudia, maana jana jenereta la jirani lilikuwa linanguruma nusu sikuisikia. Mie voisi siziwezi, nikianza kuongea nasahau nilikuwa naelekea wapi, bora niandike, na utanivumilia ikiwa ndefu.

Unasema ile ndoto imerudi. Ile ile ya utotoni, uko kwenye ule ukumbi wa nyumba yetu ya Ngamiani, umeshika uzi mwembamba wa kushonea, afu uzi unaanza kuwa mzito mkononi, vidole vinavimba vinakua mpaka vinajaa chumba kizima, ukuta unasogea mbali, na sauti zetu zinakuja mbiombio kama tunagombana na hakuna anayegombana. Na kwamba kuna dada hapo ofisini kwenu kakutumia klipu ya mtu anayetafsiri ndoto mtandaoni, naye kasema uzi ni kifungo, umefungwa nyota, utume elfu ishirini akufungue. Usitume. Hata mia usitume.

Tafsiri mie nimekua nazo mwanangu. Ukiota meno yanang'oka kuna msiba ukooni, ukiota unakula nyama usiku umelishwa uchawi, ukiota samaki kuna mtu ana mimba, ukiota unaanguka kutoka juu unarefuka. Hii ya mwisho niliipenda sana nilipokuwa mtoto, na nilianguka kila wiki wallahi, na urefu wenyewe unauona. Katika zote hizo ndoto niliyoiamini bila wasiwasi ni moja tu, ile mtoto anaota yuko chooni, kakaa vizuri, katulia, anajisaidia kwa raha zake, hiyo haina haja ya sheikh wala mganga, unakwenda moja kwa moja kuanika godoro. Kibofu kilijaa, ndoto ikakitafutia choo. Usicheke, we mwenyewe ulianikiwa sana.

Na hapo ndipo ninapotaka kukuleta. Watu wote wanaouliza ndoto wanauliza inasema nini. Mie nakwambia uliza inakuja lini. Kwa sababu hiyo ndoto yako naijua kuliko huyo wa kwenye klipu, nilikuwa napo kila ilipokuja, na haikuwa inakuja ovyo.

Mara ya kwanza ulikuwa hujaanza skuli, una homa, mwili unaunguza, baba yako kasafiri, ukaamka unanionyesha kidole unalia unasema mama kimekuwa kikubwa kitavunja kitanda. Ilikuwa malaria. Kipindi kile dawa ya malaria ilikuwa bado SP, zile Fansidar, hizi dawa mseto zilikuja kuenea baadae kwenye 2007, na bibi yako akaleta kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji, ukanywa kombe na vidonge ukanywa, homa ikashuka, bibi akashukuru kombe na mie nikashukuru vidonge na hatukugombana. Baada ya hapo ikawa ukipata homa tu inarudi. Afu ikaanza kuja hata bila homa, wiki tuliyohama ile nyumba, na wakati wa mitihani ya darasa la saba, na siku unazoshinda juani hujala ukarudi unalalamika kichwa. Mie nilikuwa sina elimu ya mambo haya lakini nina macho, nikaona ndoto moja, nyakati tofauti, na kila wakati una jambo lake mwilini au moyoni.

Nimekuja kusoma baadae, maana simu hizi zina faida zake, kwamba kitu hicho cha vidole kuvimba na ukuta kwenda mbali na sauti kwenda mbio kinajulikana kabisa. Daktari mmoja Mwingereza anaitwa John Todd alikiandika 1955, akakipa jina la Alice, yule mtoto wa kike wa kwenye hadithi yao ambaye anakuwa mkubwa halafu mdogo. Kinawapata watoto zaidi, wengine wakati wa homa, na wengi wanakiona wakiwa macho au wanaposinzia, sio lazima usingizini. Wakikua wengi kinawaacha. Na kwa wakubwa kinafuatana sana na kitu ambacho ukoo wetu hatuhitaji kufundishwa, kipandauso, kile kichwa kikali cha kurudi rudi. Bibi yako ulikuwa unamkuta kajifungia chumbani giza kajifunga khanga kichwani hataki hata sauti ya kijiko, mie unanijua, na kipandauso kinatembea kwenye familia, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwahiyo nilipokusikia kwenye voisi unasema ndoto imerudi tangu umeanza kazi mpya, na katikati hapo ukapitisha haraka haraka kwamba kichwa kinakusumbua jioni, mie nilisimama kwenye kichwa sio kwenye uzi.

Nisikudanganye lakini, sio kila ndoto inayorudi ni ugonjwa. Nyingi ni wasiwasi tu. Watafiti walioulizia watu ndoto zinazojirudia wanaona zinakuja zaidi wakati mtu ana presha, na nyingi ni za kukimbizwa, kushindwa kufika, kuanguka. Mwanasaikolojia mmoja wa Finland, Antti Revonsuo, alitoa hoja yake 2000 kwamba ndoto ni mazoezi ya hatari, akili inafanya mazoezi ya kukimbia mnyama kabla mnyama hajaja. Mie hoja hiyo inanishinda kidogo, vidole kujaa chumbani ni mazoezi ya hatari gani sasa, lakini kwa wale wanaokimbizwa na mbwa kila usiku naona ina ladha.

Na kaka yako usimchanganye na wewe, kwa sababu umesema labda ni ya ukoo kwa kuwa kaka naye alikuwa anapiga kelele usiku. Yale yalikuwa mambo mengine. Kaka yako alikuwa akilala tu, saa moja au mbili za mwanzo, anakaa kitako macho wazi anapiga ukelele mpaka majirani wanagonga, unamwita hakujui, anakusukuma, asubuhi unamuuliza hakumbuki chochote anataka chai. Huo ni usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, mtoto kanasa kati ya kulala na kuamka, hata sio ndoto, na dawa yake ni kumkinga asianguke na kungoja ipite, sio kumtikisa. Ndoto zenyewe ndefu zinakuja huku mwisho wa usiku. Ndio maana wazee wanasema ndoto ya alfajiri ndiyo ya kweli, kumbe alfajiri ndio kipindi cha ndoto kinakuwa kirefu kuliko vyote na ukiamka hapo hapo unaikumbuka yote, ya saa sita usiku nani anaikumbuka.

Unajua aliyegundua hayo alimlaza mwanawe? Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimchukua mwanawe wa miaka minane akambandika nyaya pembeni mwa macho usiku, akaona mashine inachora macho yanakwenda mbio ndani ya kope wakati mtoto kalala fofofo. Akadhani mashine mbovu. Haikuwa mbovu, na 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakatangaza, na walipowaamsha watu kwenye kipindi kile wengi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Mie nilipoisoma nilimwonea huruma mama wa yule mtoto kwanza.

Katika usingizi huo wa macho kwenda mbio mwili unafungwa, misuli inalegea usije ukaruka kitandani ukifuata ndoto, na mara nyingine akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa, unaona chumba, husogei, kifua kizito, kuna kitu kimekukalia. Jinamizi hilo. 1995 nilikuwa msichana Unguja, popobawa alipovuma, lile jini lililosemwa linawakandamiza watu usiku, habari zilianzia Pemba zikatufikia, sisi tulilala nje barazani na majirani, moto umewashwa, wanaume wanakesha na kahawa, na kila asubuhi kuna mtu anasema jana kamkandamiza. Kuna wataalamu wanasema ilikuwa jinamizi likichanganyika na hofu ya wakati ule, siasa, uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Mie sibishani na aliyekandamizwa. Lakini nakumbuka kwamba kadri tulivyozidi kuhadithiana ndivyo walivyozidi kumuona, na tukilala kwa zamu, usingizi vipande vipande, na usingizi wa vipande ndio unaoleta jinamizi.

Hilo la kuhadithiana likae hapo kidogo. Wewe unasema unaikumbuka ndoto tangu una miaka mitatu. Nina shaka mama angu. David Foulkes wa Marekani aliwalaza watoto maabara miaka kadhaa, akawa anawaamsha na kuwauliza umeota nini, akakuta hawa wa miaka mitatu mpaka mitano mara nyingi hawana cha kusema, au wanasema mbuzi, au nilikuwa nimelala, basi, hadithi yenye mwendo inaanza kwenye miaka saba hivi. Kwahiyo ule uzi wa kushonea, nikikaa vizuri kukumbuka, sidhani ulikuwepo mwanzo. Mwanzo kilikuwa kidole tu. Uzi nadhani umeingia ulipokuwa unakaa na shangazi yako kwenye cherehani, ukasimulia na uzi, nikasimulia na uzi, shangazi akawasimulia watu wa harusini, sasa ndoto ina uzi na kuna mtu mtandaoni anataka elfu ishirini kwa ajili ya uzi wa shangazi.

Bibi yako alikuwa hapendi nikikuuliza asubuhi umeota nini. Alikuwa anafuata mafundisho, ndoto mbaya usimsimulie mtu, tema kushoto mara tatu bila mate, omba kinga kwa Mwenyezi Mungu, geuka ubavu mwingine ulale. Na mie nayafuata na wewe yafuate, kugeuka ubavu peke yake kunasaidia sana. Lakini mtoto wa miaka sita anayetetemeka utamwambia nyamaza? Nilikuwa naona bora uniambie mie kuliko umwambie mtu atakayekutisha. Nabii Yusuf alipoota nyota kumi na moja na jua na mwezi vinamsujudia alikwenda kwa nani, si kwa baba yake? Na Yaakub hakumfukuza, alimsikiliza, afu akamwambia usiwasimulie ndugu zako. Hiyo ndiyo njia niliyoifuata, na bibi alinyamaza nilipomjibu hivyo japo hakufurahi.

Hata hao wakubwa wa tafsiri hawakuwa wanafungua kitabu wakasoma uzi ni kifungo. Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, vitabu vinauzwa kwa jina lake mpaka leo na wanazuoni wengi wanasema vilikusanywa na watu wa baadae, lakini wanasimulia kisa chake kimoja. Watu wawili walimjia kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda Hija, mwingine akamwambia utakatwa mkono kwa wizi. Ndoto moja. Alimtazama aliyeota. Huyo wa klipu hata sura yako hajaiona.

Sasa fanya hivi. Weka tarehe kwenye simu kila ikija, na jana yake ulilala saa ngapi, ulikula nini, bosi alikuwaje, uko karibu na siku zako au vipi, kichwa kimeuma au hakijauma. Usiandike maana yoyote, andika siku. Ukiwa na mwezi mmoja wa hayo nenda kwa daktari nayo, usiende na neno "ndoto" peke yake atakupa vitamini akurudishe. Mwambie vitu vinakua na kusinyaa machoni, mwambie na bibi na mama wana kipandauso. Na uangalie homa, ulikuwa huku Tanga wikendi ya Idi na chandarua ulikataa kwa sababu ya joto, na malaria inaweza kukaa wiki mbili tatu ndio ijitokeze, hapo Dodoma watakuambia ni uchovu, we dai kipimo.

Na ikiendelea kukutisha kuna mbinu ambayo madaktari wa ndoto mbaya wanaitumia. Mchana, ukiwa macho umetulia, unaisimulia ndoto upya kichwani lakini unaibadilisha unavyotaka wewe, unairudia dakika chache kila siku. Kwa mfano vidole vinakua, haya vikue, unavitumia kufungua lile dirisha la ukumbini ambalo lilikuwa halifunguki tangu tunahamia. Nilishakufanyisha hivyo ulipokuwa darasa la pili bila kujua ina jina, ulimtia na paka ndani yake, na ilikaa muda mrefu haijarudi.

Shangazi yako anakuja huko Ijumaa na basi la asubuhi, nimempa dagaa na zile panado zangu za kichwa, lakini usimeze kila siku, ukizizoea zenyewe zinaleta maumivu. Usimuulize habari ya uzi, ataongeza.

Nijibu kwa kuandika sio voisi. Kichwa kinauma upande mmoja au kote, na mwanga wa kompyuta unakuudhi? Na bima ya kazini imeshatoka?

Mama yako